Uchovu Unapokelewa

Kocha Shigela alipenda kusema kwamba mashine ya kasia haina adabu. Haijali wewe ni mke wa nani, una miaka mingapi, wala jana ulikula nini. Inakutolea namba yako na kukuacha nayo. Namba niliyokuwa naitafuta mimi ilikuwa dakika nane. Mita elfu mbili chini ya dakika nane, kwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu, fundi wa miwani, ambaye kabla ya kujiunga na klabu mazoezi yake yote yalikuwa kupanda mawe ya Mwanza kwenda dukani kwake huku analalamika.

Asubuhi ile, saa kumi na mbili na robo, nilikuwa nimebakiza mita mia nne. Kiti kilikuwa kinateleza mbele na nyuma juu ya reli yake, mnyororo unalia, feni ya mashine inavuma banda zima la maboti. Zamani, nikifika mita mia nne za mwisho, mwili wangu ulikuwa unadai talaka: mapaja yanawaka moto, kifua kinabana, mdomoni naonja chuma. Niliisubiri hali hiyo kama mtu anavyowasubiri wageni wa mumewe asiowataka. Haikuja. Kwenye skrini, chini ya namba za mwendo, neno moja la kijani liliendelea kuwaka na kuzima: UNAPOKELEWA.

“Sukuma kwa miguu, Mama Miwani,” alisema Kocha, kikombe cha chai mkononi. “Mikono ni abiria tu. Haya, nipe kumi.”

Kumi ni mapigo kumi ya kufa na kupona. Kila mpiga kasia anayajua, na wengi wetu huyahesabu kwa kurudi nyuma, toka kumi mpaka moja. Nikampa. Dakika nane na sekunde nne. Niliachia mpini, nikanyoosha mgongo, nikamwuliza kama chai imebaki.

Kocha alitazama skrini, halafu akanitazama mimi. “Msimu uliopita, hapo hapo ulipokaa, ulikuwa unatapika kwenye ndoo.”

“Msimu uliopita hatukuwa na punje.”

“Hilo kweli,” akasema, akanimiminia chai.

Punje yenyewe ni ndogo kuliko ya mtama. Inawekwa chini ya ngozi, nyuma ya shingo, kwa sindano ambayo haiumi kuliko ya surua. Ilianza kwa madaktari wa upasuaji, ili mikono yao isitetemeke katika saa ya tisa ya kazi. Ikaja kwa waokoaji, ikaja kwa wauguzi wa zamu ndefu, na mwisho, kama kila kitu kizuri, ikaangukia mikononi mwa watu wasio na shida nayo, yaani sisi wa klabu. Aliyenieleza vizuri inavyofanya kazi ni Kokugonza, mwenzangu wa boti, ambaye ni mwalimu wa kemia na hawezi kueleza jambo bila kuchukua kalamu. Misuli ikifanya kazi, alisema, inachacha, na neva zinapeleka habari kwamba umechoka. Punje inaikamata habari hiyo na kuipeleka kwa mwili mwingine uliopumzika. Mwili ule unaamini kwamba umefanya kazi wenyewe: moyo unakwenda mbio, sukari inaungua, misuli inachacha. Wako unaamini umekaa kitako. “Uchovu haupotei, mdogo wangu,” alimaliza. “Unahama nyumba.”

Unahamia wapi? Kwenye Bwawa, tuliambiwa. Kulikuwa na watu mahali fulani waliojiandikisha kupokea, maelfu na maelfu, wamelala, na kila mmoja anapata tone. Nani alikufa kwa tone? Sikuuliza wamelala wapi, wala ni shida gani inayomfanya mtu ajiandikishe kulala ili aamke amechoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wa mtu usiyemjua huna hata haja ya kuutazama. Nilisoma lile neno la kijani siku nne kwa wiki, na nilikuwa na furaha. Sitaki kuificha furaha hiyo. Ilikuwa kweli.

*

Jumamosi tulikwenda majini, mimi na Koku.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho, na huo ulikuwa msimu wetu wa tatu katika boti ya wawili. Kwenye boti ile unakwenda kinyumenyume, mgongo umeelekea unakokwenda. Koku alikuwa anakaa mbele yangu na kutoa mdundo. Mimi nyuma yake namfuata. Kwa hiyo kwa misimu mitatu nilichokuwa nakiona zaidi ya maji ni mgongo wake. Niliujua kuliko uso wa mume wangu. Nilijua bega la kushoto linapanda akiwa na hasira, na kwamba akifurahi anainamisha shingo kidogo kabla ya kuvuta.

Mwezi Machi, msimu ulipofunguliwa na punje zikaja, tulifungwa. Kufungwa ni hivi: kila mmoja anaweka kidole gumba nyuma ya shingo ya mwenzake, mnashikilia mpaka punje zitambuane. Toka hapo uchovu wa boti unagawanywa nusu kwa nusu, mmoja asilegee na kuivuta boti upande. Waliotengeneza punje waliagiza mfunguane kila mkitoka majini. Lakini klabu yetu ina mambo yake. Wapiga kasia wa wawili hawatengani katikati ya msimu kwa lolote. Tangu zamani, kabla ya punje, wenza wa boti walikuwa wanavaa uzi mmoja mkononi kuanzia Machi mpaka Septemba, na anayeukata anakuwa amemkana mwenzake mbele ya watu. Punje ilipokuja ikarithi heshima ya ule uzi. Kuna wanawake pale ambao pete za ndoa walishazivua, lakini mwenza wa boti hawajamfungua. Na sisi, pamoja na shahada zetu mbili ndani ya boti moja, hatukufunguana.

Maji yalikuwa yametulia. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo wa usiku mpaka kwenye mawe, kukabaki njia safi ya kutosha. Tulikuwa tumekwenda mita mia sita tu, mwendo wa kuzungumza, kasia la Koku liliponasa majini na boti ikayumba.

“Dada Koku, vipi?”

“Nipe dakika.”

“Ndiyo kwanza tumeanza.”

“Nimekwambia nipe dakika, mdogo wangu.”

Hakugeuka. Kwenye boti ile nyembamba hugeuki, mtapinduka wote wawili. Niliona mabega yake yote mawili yameshuka, mbavu zinapanda na kushuka chini ya fulana. Na mimi nikaanza kuusikia uzito ukiingia, toka shingoni, ukishuka mikononi mpaka vidoleni. Nusu yangu ya uchovu wake. Nilichukia. Kwenye mashine napaa, nikasema moyoni, na hapa nakokotwa kama gunia.

“Unalala vizuri?” niliuliza.

“Nalala sana. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala.”

“Umepima sukari? Damu?”

“Nimepima kila kitu chenye jina.” Alichovya mkono majini, akajipaka usoni. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, “Wewe mashine unafanya siku ngapi sasa?”

“Nne. Alfajiri.”

“Na unaipenda.”

“Naipenda, dada. Nikimaliza sijachoka hata chembe. Kama vile sikufanya kitu.”

Boti ya abiria ya Ukerewe ilipita mbali, mawimbi yake yakatufikia, yakatupandisha na kutushusha, yakaenda.

“Sawa,” akasema Koku. “Kama unaipenda.”

Tulirudi polepole. Bandani, tukifuta makasia, nilimwambia neno ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Nilimwambia, “Dada, kama umri umefika sema tu, nitafute mwenza mwingine wa mbio za Septemba.” Nililisema kwa kucheka, na kulisema kwa kucheka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu hapati hata nafasi ya kukujibu. Koku aliendelea kufuta kasia lake mpaka likakauka, akalitundika, akaniaga.

Njiani kurudi nyumbani nilijuta, nami nikijuta huwa natafuta kazi ya kufanya. Niliamua sitamwacha. Kama Koku amedhoofika, basi mimi nitakuwa na nguvu za watu wawili. Nitamvuta. Siku nne za mashine zikawa sita, na Jumamosi mara mbili mfululizo, kabla jua halijatoka. Nilimweleza mume wangu mezani, kwa majivuno kabisa, kwamba naumia kwa ajili ya rafiki yangu. Aliniangalia akasema sionekani mtu anayeumia. Kadiri nilivyozidi kukaza, ndivyo Koku alivyozidi kulegea kila tulipoingia majini, na kadiri alivyolegea ndivyo nilivyozidi kukaza. Ningekuwa na akili ya kuku ningeuona mduara ule. Sikuuona.

*

Jumanne moja umeme ulikatika alfajiri. Kwa mara ya kwanza nikafanya mashine mchana kweupe, saa nne asubuhi, nimemwachia msichana wa dukani funguo.

Siku hiyo nilikuwa kitu kingine. Mapigo thelathini kwa dakika, na kila moja limejaa. Mita elfu moja, nikiwa mbele ya namba yangu. Mia tano za mwisho, bado mbele. Kocha aliweka kikombe chini, jambo ambalo halifanyi. Aliposema nipe kumi nilimpa kumi ambazo sijawahi kuwa nazo maishani, nikizihesabu kwa sauti, kumi, tisa, nane, na nilipofika moja skrini ikasimama kwenye dakika saba na sekunde hamsini na sita.

Kocha aliiandika ubaoni kwa chaki, jina langu lote, Nkwimba Masalu. Mimi nilikuwa nacheza. Mwanamke mzima, viatu bado vimefungwa kwenye mashine, nacheza kwa soksi kwenye sakafu ya saruji. Sikuwa nahema.

Simu iliita kabla sijavua soksi. Alikuwa mkuu wa shule ya Koku. Namba yangu ilikuwa ya kwanza kwenye fomu yake ya dharura, maana hakuwa na mume wala mtoto.

“Mwalimu ameanguka darasani,” alisema. “Tunampeleka hospitali. Njoo mama, hali si nzuri.”

“Ameangukaje?”

“Wanafunzi wanasema alikuwa amesimama ubaoni, akaanza kuhema kama mtu anayekimbizwa. Alishika meza. Halafu akawa anahesabu.”

“Anahesabu nini?”

“Anahesabu tu, kurudi nyuma. Kumi, tisa, nane. Alipofika moja ndipo akaanguka.”

Sitasema kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale, nimesimama kwenye sakafu baridi, na nilichokitaka kwa dakika hiyo moja ni kutoelewa. Nilimgeukia Kocha.

“Kocha, uchovu wangu unapokewa na nani?”

“Na Bwawa.”

“Una uhakika?”

“Mashine inaupeleka Bwawani. Labda kama mtu amefungwa na mwingine, hapo inafuata njia iliyopo...” Aliacha hapo. Niliona uso wake ukizeeka. “Si mlifunguana?”

“Nani anafunguana kwenye klabu hii, Kocha?”

Alikaa kwenye kiti cha mashine, kile nilichotoka kukalia, na kikateleza naye nyuma mpaka mwisho wa reli. “Mashine niliwawazia wa boti ya mmoja, wasiofungwa na mtu,” alisema. “Nyie sikuwaza. Mungu wangu, sikuwaza.”

*

Hospitali iko juu kilimani, na wodi ilikuwa ghorofa ya tatu. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepiga mita elfu mbili nikamaliza kwa kucheza. Sasa nilisimama kila ngazi ya tano, nimeshika ukuta. Kifua changu kilikuwa kama kimekaliwa na mtu.

Mtaalamu wa punje alinisubiri kwenye korido. Aliitwa Siwema, dada wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya watu waliozoea kutoa habari mbaya kabla ya chakula cha mchana. Alinishika shingo, akasogeza kifaa chake, akasoma.

“Bado mmefungwa,” alisema. “Ndiyo maana unahema. Uchovu unatoka kwa mwili unaofanya kazi kwenda kwa uliopumzika. Zamani aliyefanya kazi ulikuwa wewe. Leo yeye kupumua tu ni kazi, kwa hiyo unakuja kwako.”

“Basi uache uje.”

“Ngoja nikueleze, mama. Moyo wake umechakaa. Miezi mitatu umepiga mbio asubuhi akiwa usingizini, na haukuwahi kupata mazoezi wala mapumziko ya mkimbiaji. Leo umepewa mzigo akiwa amesimama. Hautarudi ulivyokuwa. Mkikaa mmefungwa, nusu ya kazi unaibeba wewe, na anaweza kufika Desemba, pengine. Wewe nawe utachakaa, ila polepole. Mkifunguana, anabaki na mzigo wake peke yake. Hapo nazungumzia siku mbili, tatu.”

“Basi hatufunguani.”

“Mgonjwa ameomba mfunguliwe,” alisema Siwema. “Tangu alipozinduka. Lakini punje haziachani mpaka wote wawili mtake. Sheria nayo iko hivyo. Kwa hiyo sasa ni juu yako.”

Koku alikuwa amelazwa kwa kuinuliwa, mito mitatu mgongoni. Kwa misimu mitatu nilikuwa nimezoea mgongo wake, na sasa alikuwa ananitazama uso kwa uso, nikajikuta sijui pa kuweka macho. Nilipokaa karibu yake kifua changu kilizidi kuwa kizito, na nikaona chake kikipata nafuu kidogo. Tulikaa hivyo, tunagawana pumzi moja.

“Nimesikia umevunja dakika nane,” alisema.

“Nani kakwambia?”

“Nani mwingine angeniambia? Nilikuwepo.”

Nililia. Nilijaribu kulia bila sauti, lakini kulia nako ni kazi, na sikutaka kumpa hata hiyo, kwa hiyo nikajikaza mpaka machozi yakakatika.

“Dada Koku, nisamehe. Kwa nini hukuniambia?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mwanafunzi mzuri kampa jibu la kijinga.

“Nilidhani unajua.”

“Mimi? Nijue?”

“Aprili nilishaelewa ni wewe. Naamka saa kumi na mbili miguu inasukuma shuka. Najua mdundo wako, nimekupa mimi. Nikasema, labda hajui, ngoja nimuulize. Nikakuuliza kule majini. Ukaniambia unamaliza hujachoka hata chembe.” Alipumzika, na mimi nikapumzika naye, hakukuwa na namna. “Nikasema, kumbe anajua. Mtu hawezi kuvuta mita elfu mbili asichoke na asijiulize. Halafu ukaniambia habari za umri. Basi nikaona ndiyo njia yako ya kuniambia.”

“Hapana. Wallahi hapana, dada. Walituambia ni Bwawa. Walituambia ni tone tone. Nilijua kuna mtu, lakini sikujua ni wewe.”

Neno lilishatoka. Koku alilisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza majibu darasani.

“Kwa hiyo angekuwa mwingine,” alisema, “ungeendelea.”

Kulikuwa na uwongo mwingi wa kuchagua, na wote ulikuwa karibu. Nilimwangalia mwanamke aliyenifundisha kushika kasia, nikaona kumdanganya sasa ni kumwongezea mzigo.

“Ningeendelea,” nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Nataka unifungue, mdogo wangu.”

“Wamekwambia maana yake?”

“Mimi ni mwalimu wa kemia. Nimewaambia wao.”

“Niache nikubebee. Mimi nina moyo mzima. Nimekubebesha miezi mitatu, nawe niachie nibebe hii iliyobaki. Desemba si mbali, labda kufikia hapo watapata dawa, labda...”

“Unaona?” alisema taratibu. “Tena ni wewe unayeamua mwili wangu ufanye nini.”

Nilirudi nyuma kidogo kwenye kiti.

“Tangu Machi sijawa peke yangu humu ndani,” alisema. “Unapiga kasia nikiwa nimelala. Unapanda mawe ya kwenda dukani nikiwa nasahihisha madaftari. Hata sasa, nikivuta hewa, nakusikia unavyoniogopea. Nitakufa, hilo najua, na nakuapia naliogopa. Lakini nataka nichoke kwa uchovu wangu mwenyewe. Nimechoka na wewe, Nkwimba.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu tupu.

Nilitoka koridoni. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likahama toka dirisha moja kwenda la pili. Ilitosha niseme hapana. Sheria ilikuwa upande wangu, Siwema asingenilaumu, na Koku angeishi miezi sita, akinichukia kwa pumzi nilizompa mimi. Nilitaka sana kusema hapana. Mpaka leo sijui kama nilitaka kwa kumpenda, au nilitaka tu niwe na kitu cha kusema siku nikiulizwa. Nilijaribu kuvitenganisha vitu hivyo viwili kwenye lile benchi na sikuweza. Nilichokijua ni kimoja: sikuwa nimemuuliza wakati wa kumpa mzigo, na sasa yeye alikuwa ameniomba.

Nikarudi ndani. Siwema alimwinua kidogo kutoka kwenye mito. Niliweka kidole gumba nyuma ya shingo yake, palikuwa na jasho la baridi. Yeye akaweka chake kwangu, mkono wake ulikuwa mwepesi, nikalazimika kuinama ili asichoke kuunyoosha. Tulishikilia mpaka Siwema aliposema basi.

Uzito uliondoka kifuani mwangu mara moja. Nilivuta hewa, na hewa ikaingia mpaka chini kabisa, tamu, na mwili wangu ukafurahi kabla sijaweza kuuzuia. Mungu anisamehe, nilipumua vizuri sana. Mbele yangu Koku alifumba macho, na pumzi zake zikawa fupi, fupi, zikifuatana.

“Ndiyo,” alisema, kama mtu aliyepata hesabu. Kisha, “Nenda nyumbani. Usikae hapo unanihesabia pumzi.”

Niliomba nibaki. Alikataa kwa kichwa. Nikaenda.

Alikufa Alhamisi. Mkuu wa shule alinipigia saa saba mchana, akasema ilikuwa saa nne na dakika chache, asubuhi. Niliweka simu chini nikaanza kuitafuta saa nne ile. Nilikuwa dukani. Alikuja mzee mmoja, karani mstaafu wa reli, fremu yake mpya inambana puani. Niliipasha moto kidogo, nikaikunja, nikamvalisha, akasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho, akacheka, na mimi nikacheka naye. Nimeipekua saa hiyo dakika kwa dakika, nikitafuta kama kuna mahali nilishtuka, au mkono ulitetemeka, au kifua kilibana hata kidogo. Hakuna. Sikuhisi kitu.